Mtani Aliyerudi Peke Yake

Protas alichelewa makusudi. Elinaja alilijua hilo, na Watanzania wote waliojazana katika ukumbi mdogo wa zile apartimenti za Brooklyn Park walilijua pia, kwa sababu mtani haji msibani mapema akakaa kimya kama mfiwa. Mtani anakuja watu wakishajaa, anakuja na kelele, na siku ya kuanua matanga ndiyo siku yake hasa. Siku hiyo hakemewi. Atavaa nguo za marehemu, atamuiga alivyokuwa akitembea, atamwambia mama mzazi kwamba mwanawe alikuwa bahili hata wa kuvuta pumzi, na watu watacheka, na wafiwa nao watacheka, wapende wasipende. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko lolote atakalosema.

Na Protas alikuwa mtani halali. Yeye Mchaga wa Kibosho, marehemu Erick Mpare wa Usangi, na tangu walipokutana chuoni hapa Minnesota hawakuwahi kuitana kwa majina yao kama watu wenye adabu. Ilikuwa "we Mpare" na "we Mchaga" mpaka Wazungu ofisini kwa Erick wakadhani ndiyo majina yao ya ubatizo.

"Mchaga yuko wapi?" Tumpe aliuliza kutoka kwenye meza ya chakula. Tumpe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya msiba, mama mmoja wa Kinyakyusa ambaye hata akikuomba chumvi unasimama wima. "Simu tumeshaiunganisha, mama anangoja, pilau liko tayari, yeye yuko wapi?"

"Anakuja," alijibu Elinaja. "Atakosaje cha bure?"

Watu wakacheka, wakafurahi kumwona dada wa marehemu ameanza kuchangamka. Kuchangamka! Tangu asubuhi hajaonja hata chai. Alikaa karibu na simu, mikono ameibana katikati ya magoti, na pembeni yake alikaa Kerubo, muuguzi wa Kikenya aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, rafiki pekee aliyelala naye sebuleni zile wiki za kwanza bila kumwambia ajikaze.

Ilikuwa Oktoba mwaka 2006, na Erick alikuwa amekwisha kuzikwa. Mwili ulitoka Peru, alikokuwa amekwenda kutembea na Protas, ukaenda moja kwa moja nyumbani, ukashushwa uwanja wa Kilimanjaro, ukapandishwa Usangi, ukazikwa mbele ya ukoo mzima isipokuwa Elinaja. Yeye makaratasi yake yalikuwa bado uhamiaji, na mwanasheria alimwambia wazi: ukitoka, hurudi. Basi akamlilia kaka yake kwenye zulia la nyumba ya kupanga, huku jirani wa chini akigonga dari kwa ufagio kwa sababu ya kelele.

Mama yao hakuuliza ugonjwa wala hospitali. Siku ile alipopewa habari aliuliza jambo moja tu. "Alikuwa na nani?" Elinaja akamwambia alichoambiwa na Protas: kwamba Erick alishinda salama siku nzima, jioni wakarudi nyumba ya wageni, usiku akazidiwa ghafla, na Protas akamshika mkono mpaka mwisho. Mama akasema, "Basi." Tangu hapo kila wakipigiana simu alitaka arudiwe hilo hilo. Alimshika mkono? Alimshika, mama. Mkono upi? Sijui mama, nitamuuliza. Basi.

Lakini Elinaja hakuwa na "basi" yake. Kwa mwezi mzima Protas alikuwa akimkwepa. Akija, anakuja na watu wengine, analia kuliko mfiwa, anaondoka na watu wengine. Akipigiwa, hapokei. Habari yenyewe kila akiisimulia inakuja na sura mpya: mara alikuwa amemshika mkono, mara alikuwa amekimbilia daktari. Na picha zile! Protas alimletea kamera ya Erick, na Elinaja akazitazama zote kwenye kompyuta, moja moja. Lima, Erick anakula samaki mbichi aliyekamuliwa ndimu, uso umekunjamana. Lima, Protas anabishana bei na mama muuza kofia, wote wawili kwa mikono, mama yule anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Cusco, Erick amelaza kiganja kwenye ukuta wa mawe makubwa yaliyoshikana bila udongo, hata kisu hakipiti. Halafu milimani, kwenye yale magofu ya juu kabisa, Protas. Protas mlangoni pasipo nyumba. Protas na mawingu chini ya miguu yake. Protas na vijana wawili wa Kizungu. Erick hayupo hata katika moja.

"Si yeye ndiye alikuwa anapiga?" Protas alijibu siku hiyo, akatazama pembeni. "Kamera si ya Mpare?"

Sawa. Leo basi atamwambia mama mwenyewe. Elinaja alikuwa ameshapanga: utani ukiisha, kabla ya chakula, atamsogezea simu mbele ya watu wote amwambie, mama, mwanao alikufa hivi na hivi, mimi nikiwa hapa. Mtu anaweza kumdanganya dada. Mama mzazi aliyefiwa, kwa sauti yake mwenyewe, ukumbi mzima unasikiliza, hawezi. Hicho tu ndicho Elinaja alichokitaka katika shughuli ile yote, mengine yalikuwa mapambo.

Safari yenyewe ilikuwa ya Erick. Yeye ndiye aliyebandika ramani ya Amerika ya Kusini kwenye friji, akawa anapitisha kidole asubuhi akisubiri chai: Lima, Cusco, La Paz. Watanzania wenzake walimwona amerukwa na akili. Mtu akipata likizo anaenda nyumbani kujenga, siyo kubeba begi mgongoni kama mkimbizi akatazame mawe ya watu. Protas alimcheka kuliko wote, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua tiketi, maana ingekuwaje Mpare afike mahali ambapo Mchaga hajafika?

Wakaenda wote watatu Roseville, kwenye duka moja kubwa, kununua vifaa vya kupandia milima. Erick alijaribu buti karibu zote, akatembea juu ya kile kilima cha bandia walichokiweka dukani, akamuuliza muuzaji maswali mpaka Elinaja akaona haya. Protas hakununua hata soksi. "Mimi nimezaliwa mlimani," alisema kwa Kiswahili, huku muuzaji akitabasamu bila kuelewa. "Nikafundishwe kupanda na mtoto huyu wa tambarare? Huko Upare kwenu ndiko mnakohitaji mafunzo. Mlima wenu ule ni kichuguu."

Na njiani, kwenye barabara ya thelathini na tano kuelekea Burnsville alikokaa Protas, Erick alisoma kwa sauti kwenye kitabu cha wasafiri: mgeni akifika Cusco apumzike siku mbili tatu kabla ya kupanda zaidi, asikaze mwendo, na akiumwa kichwa ateremke. Protas akapiga usukani kwa kicheko. "Hayo wameandikiwa watu wa Ulaya. Mtu wa Kibosho apumzike ndipo aende mlimani? Umesikia wapi mtu anapumzika mlangoni kwake?"

Kibosho! Kibosho iko chini kwenye migomba, watu wanavaa kandambili. Huko walikokuwa wakienda ni zaidi ya mara mbili ya Kibosho kwenda juu. Na huyu bwana kilele cha Kilimanjaro alikuwa akikiona kupitia dirisha la darasa, kisha akaja kukaa miaka mingi Minnesota, nchi iliyolala chali, ambako kitu kirefu kuliko vyote alichopanda ni ghorofa la kuegeshea magari. Lakini aliamini, na Erick naye aliamini, na Elinaja kwenye kiti cha nyuma aliamini, kwamba ukizaliwa chini ya mlima ule umeshapewa mapafu yako kama vile mtu anavyopewa ubatizo, mara moja kwa maisha. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alicheka na yeye siku ile. Alimwambia kaka yake, "Msikilize Mchaga, usiwe mwoga."

Barua pepe ya mwisho ilitoka Cusco. "Kichwa kinanigonga kama nyundo. Mchaga anasema ni ubahili, nimekataa kununua maji. Kesho tunapanda kule juu ambako mabasi hayafiki. Mwambie mama nimevaa soksi mbili."

Mlango wa ukumbi ukasukumwa kwa teke.

"Hodi, nyumba ya mabahili! Kuna pilau, au mmechemsha harufu yake tu?"

Ukumbi ulilipuka. Akina mama walipiga yowe, mtu mmoja akaangusha soda. Protas alikuwa amevaa kofia ya sufu yenye masikio marefu, ile iliyonunuliwa kwa mama wa Lima, na mgongoni alikuwa na begi la Erick. Lenyewe lile la bluu, na kikombe cha bati kikining'inia upande. Alikuwa amekonda, shati linampwaya shingoni, lakini alitembea kwa madaha katikati ya viti, magoti nje nje kama Erick alivyokuwa akitembea, na wote waliomjua Erick wakashika vinywa.

"Mchaga huyo!" akapiga kelele Tumpe. "Shikilieni mikoba yenu, jamani!"

"Ni nani?" ikauliza simu. Sauti ya mama ilitoka kwenye spika ikiwa nyembamba, na nyuma yake walisikika watu wa Usangi, kwao kulikuwa kumeshaingia usiku. "Naja, ni nani huyo?"

"Ni mtani wetu, mama."

"Shikamoo, mama Mpare!" Protas aliinamia simu. "Leo umekula, au umeweka akiba?"

"Marahaba, baba. Nimeweka akiba nisije nikaibiwa na mtani wa Kichaga."

Wee! Ukumbi ukapiga makofi, na kule Usangi nao wakasikika wakicheka. Elinaja hakuwa ameisikia sauti ya mama ikiwa hivyo tangu msiba uanze. Akajikuta anataka Protas aendelee, na akajichukia kwa kutaka.

Akaendelea. Alieleza jinsi Mpare alivyotaka kumlipia padri wa Lima kwa hundi ya posta. Alieleza jinsi Mpare alivyogawa kipande kimoja cha mkate siku tatu, akakifunga kwenye kitambaa kila jioni na kukisalimia kila asubuhi. Uongo mtupu, na kila mtu alijua ni uongo, ndiyo raha yenyewe. Kisha akaenda hadi katikati ya ukumbi, akavuta kamba za begi mabegani.

"Basi siku ya siku tukapanda. Mimi mbele, Mpare nyuma. Kila hatua mbili, Mpare chini. Anakaa hivi." Akajiachia kwenye zulia, begi likamvuta nyuma, miguu ikapaa, watu wakacheka mpaka wakafuta macho. "Anavua koti. Baridi inakata masikio, Mpare anavua koti! Namwambia vaa, analivaa ndani nje. Anafunga kamba za kiatu, anazifunga kwenye kidole chake mwenyewe. Anaongea maneno hayashikani. Nikasema, jamani, Mpare kalewa, na pombe hajanunua!"

Watu walikuwa hoi. Protas akaegemeza kichwa kwenye mguu wa kiti, akalegeza mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya Erick, ile ya puani kidogo, inayoburuta mwisho wa neno.

"We Mchaga… ningoje. Ningoje bwana. Napumzika kidogo tu, ningoje."

Kwenye simu, mama alivuta pumzi.

 Kerubo akamwinamia Elinaja. "Naja, si ulisema aligonjeka usiku? Kwa hoteli?"

"Ndivyo alivyosema."

"Sasa hii ni nini anaonyesha? Mtu akikaa hivyo, akiongea hivyo, unamshusha hiyo dakika."

Elinaja alimtazama Protas pale chini, na akaona jasho linamtiririka chini ya kofia, jasho la kweli, si la kuigiza.

"Halafu?" akauliza kwa sauti.

Watu wakageuka kwa furaha. Mfiwa anajibizana na mtani, ndivyo inavyotakiwa. "Muulize huyo!" akasema mtu.

"Halafu nikamwambia, Mpare, unatafuta wa kukubebea begi bure, na leo humpati! Lete kamera, kaa hapo uhesabu mawe, labda yanauzwa. Tutaonana nikishuka."

"Halafu?"

"Halafu nikapanda! Mtoto wa Kibosho nisifike juu, nitamweleza nini baba?" Alisimama, akapanua mikono. "Nikafika, mama yangu! Kuta na milango, nyumba za watu zimeezuliwa paa, mawingu yako chini kule yanalala kama mbwa. Wazungu wawili wakanipa mkate. Wakanipiga picha zote kwa kamera ya Mpare, betri iishe ya kwake."

Vicheko. Elinaja alikuwa amesimama, hakukumbuka alisimama saa ngapi.

"Ukashuka?"

"Nikashuka." Hapo sauti ya kuchekesha ikateleza, akaidaka. "Kwa njia ya upande wa pili, na Wazungu wangu, maana ndiyo fupi. Najua Mpare keshashuka zamani, yuko kitandani anakula mkate wangu. Nikaletewa supu ya viazi. Nikala yangu, nikala na ya kwake!"

"Mchaga!" akalia Tumpe, anajipiga mapaja.

"Nikaingia chumbani, kitanda cha Mpare kimetandikwa. Nikasema, alaa, kumbe leo kapata mchumba." Walicheka tena, naye akangoja wamalize. "Nikalala."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti yake mwenyewe, taratibu. Hakuna aliyeona tofauti isipokuwa wanawake wawili, Elinaja na Kerubo.

"Na asubuhi?" Elinaja akauliza.

"Asubuhi wakulima wa viazi walimleta kwa farasi."

"Mpare kapanda farasi na nauli hajalipa!" mtu akadakia kutoka nyuma, na ukumbi ukapasuka upya.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwezi mzima mtu huyu hakupata mahali pa kuyasemea, sebuleni hakuweza, kwenye simu hakuweza, kanisani hakuweza. Akapata hapa, mahali pekee duniani ambapo angeyasema yote na hakuna mtu ambaye angeyaamini. Elinaja alitembea mpaka akasimama mbele yake.

"Ulimwacha," alisema. "Kaka yangu alikuita, ukamwacha. Alikufa peke yake kwenye mawe usiku kucha, wewe umeshiba supu. Umemuua, Protas."

Tumpe akapiga makofi.

"Hapo sasa! Mpare kajibu!"

"Kesi hiyo!" wakaitikia wengine. "Mpare bila kesi atalalaje? Atauza ng'ombe amshitaki kwa ajili ya bakuli la supu!"

"Sitanii!" akapiga kelele Elinaja. "Jamani, sitanii!"

Lakini ndivyo anavyosema kila mtani. Walicheka zaidi. Kijana mmoja aliteremka kitini kwa kucheka. Protas alipiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono miwili kama anayengoja pingu, machozi yanamshuka mpaka kidevuni.

"Ni kweli," alisema. "Nimemuua. Nifungeni, jamani. Nifungeni."

"Mchaga anatoa hadi machozi!" mtu akasifu. "Huyu ndiye mtani!"

Kerubo alikuwa amesimama pia, uso umemkauka. "Nyinyi ni watu gani? Huyu mtu ana-confess! Mbona mnacheka?"

"Wewe Mkenya, haya mambo huyajui," Tumpe akamwambia kwa upole, akamshika bega na kumkalisha. "Ni utani wa kwetu huu. Kaa utulie."

Elinaja aliwatazama wote, watu waliomletea chakula mwezi mzima, waliomfulia, waliomlilia, watu wema, na aliwachukia kila mmoja kwa jina lake. Nitamwambia mama, alijisemea. Sasa hivi, kwa Kipare, aelewe kwamba si mchezo. Akageukia simu.

Na simu ilikuwa inacheka. Mama alikuwa anacheka, kicheko kilichopasuka katikati kikageuka kwikwi, kikarudi kuwa kicheko.

"Ni sauti yake," mama alisema alipopata pumzi. "Mtani, hiyo ni sauti ya mwanangu kabisa. Rudia hapo, baba. Pale aliposema umngoje."

Protas hakuinuka. Alitikisa kichwa.

"Rudia, baba, nimsikie."

"Mama anataka urudie," Elinaja akasema. Alichukua simu mezani, waya ukanyooka mpaka mwisho, akamshikia karibu na mdomo. "Rudia."

Akarudia. Alirudia kwa sauti ya Erick, neno kwa neno, ningoje, ningoje bwana, napumzika kidogo tu, huku macho ameyafumba, na safari hii watu walitulia kwa heshima kwa kuwa mama alikuwa anasikiliza. Aliposhindwa kumaliza, wakampigia makofi.

"Ahsante," mama akasema. "Nilikuwa nimeanza kuisahau." Akapenga kamasi. "Lakini Wachaga nyie kwa uongo, hamna mpinzani. Eti kala na supu ya mwenzake! Naja."

"Abee, mama."

"Ni utani wake tu, sivyo? Hakumwacha mwanangu?"

Protas akafumbua macho, akamtazama Elinaja. Macho yale hayakumwomba amfichie. Yalimwomba aseme, aseme sasa, simu iko wazi, mama mwenyewe ameuliza, amalize. Alitaka asemwe apone. Elinaja akaona kwamba ukweli ule alioutafuta mwezi mzima ungemfaa mtu mmoja tu katika dunia nzima, na mtu huyo amepiga magoti mbele yake amevaa kofia ya sufu. Mama angebaki nao Usangi, usiku, na usiku utakaofuata, na mwanawe anaita kwenye mawe.

"Naja? Upo?"

"Nipo, mama. Hakumwacha."

"Alimshika mkono?"

"Alimshika mpaka mwisho."

"Basi," mama akasema. "Basi leo nitalala. Mshukuru sana, na umpe chakula ashibe."

Protas akainama mpaka paji la uso likagusa zulia, begi la bluu likampanda kisogoni. Watu wakashangilia, mtani amekubali kushindwa. Tumpe akafunua sinia la pilau, akasema linapoa, kila mtu achukue sahani.

"Naja, mwanzie mtani," alisema. "Mama kasema ashibe."

Elinaja akarudisha simu mahali pake, akachukua sahani, akampakulia.